Yu Gwan-sun, binti wa Korea

Mwanangu, leo mjue Yu Gwan-sun. Alizaliwa Korea mwaka 1902. Alipokuwa na miaka 7, Japani iliitwaa nchi yake. Machi 1919 watu wa Seoul waliandamana bila silaha kudai uhuru, naye akiwemo. Shule zikafungwa.

Shule ikifungwa, wewe unafurahia likizo. Yeye alirudi kijijini kwao kuwahamasisha watu. Tarehe 1 Aprili, siku ya gulio la Aunae, maelfu walijitokeza na bendera mikononi. Askari wa Kijapani wakawapiga risasi. Baba na mama yake wakauawa.

Yeye alifungwa na kuteswa, lakini hata gerezani aliendelea kudai uhuru. Alifariki Septemba 1920, akiwa na miaka 17. Utawala wa Japani ulikoma 1945.

Jioni waulize wazazi: kwetu, nani alidai uhuru mikono mitupu?