Johann Nepomuk Hummel: Mpiga Piano Aliyetetea Jasho la Watunzi

Johann Nepomuk Hummel alizaliwa tarehe 14 Novemba 1778 mjini Pressburg, uliokuwa chini ya ufalme wa Hungaria. Mji huo ndio Bratislava ya leo, mji mkuu wa Slovakia. Baba yake, Johannes, alikuwa mwanamuziki, naye ndiye aliyemwelekeza mwanawe katika fani hiyo tangu utotoni.

Mnamo 1786 Johannes alipata kazi ya kuongoza okestra katika jumba la maonyesho mjini Vienna. Huko Mozart alikitambua kipawa cha mtoto huyo, akamchukua nyumbani kwake. Kwa muda wa miaka miwili hivi Hummel aliishi na kufunzwa na bingwa huyo bila malipo. Kuanzia 1788 hadi 1793, baba na mwana walizunguka Ulaya wakifanya matamasha, na mjini London kijana akapata mafunzo kwa Clementi. Aliporejea Vienna alisomea utunzi kwa Albrechtsberger na Salieri, naye Haydn akamfundisha ogani.

Hata hivyo, Vienna ilikuwa imekwisha kumpata Beethoven, na sifa za Hummel zikafifia. Kwa miaka kadhaa alijishughulisha zaidi na kufundisha na kutunga. Mwaka 1804 aliajiriwa na mwanamfalme Esterházy huko Eisenstadt, akashika majukumu yaliyokuwa ya Haydn, lakini mwaka 1811 aliachishwa kazi kwa kudaiwa kuzembea. Baada ya kumwoa mwimbaji Elisabeth Röckel mnamo 1813, alihimizwa na mkewe kurudi jukwaani. Alihudumu Stuttgart kuanzia 1816, kisha mwaka 1819 akahamia Weimar, alikodumu hadi mwisho wa uhai wake.

Mkataba wa Weimar ulimpa likizo ya kila mwaka ya kufanya ziara, akasikika Urusi, Paris, Warsaw na London. Umahiri wake ulidhihirika hasa katika kutunga papo kwa papo: kama malenga apewaye mada ukumbini, aliuchukua wimbo wowote na kuupanua hapo hapo bila maandalizi. Aidha, mwaka 1828 alichapisha kitabu kikubwa cha mafunzo ya piano chenye juzuu tatu. Czerny, Hiller na Thalberg ni miongoni mwa wanafunzi wake, na athari yake inasikika katika kazi za awali za Chopin.

Wakati huo kila dola ya Ujerumani ilikuwa na sheria zake. Mchapishaji wa upande mmoja wa mpaka aliweza kuinakili kazi iliyotolewa upande wa pili, asimlipe mtunzi hata senti. Hummel hakulivumilia jambo hilo. Aliwahimiza watunzi na wachapishaji kushikamana ili sheria moja iwalinde wote, na kitabu chake cha mafunzo akakitoa kwa wakati mmoja katika nchi kadhaa ili kuwatangulia wanakilishaji. Mwezi Machi 1827 alimzuru Beethoven, aliyekuwa mahututi, na baada ya siku chache akawa miongoni mwa waliolisindikiza jeneza lake.

Tarehe 11 Juni 1837, dola ya Prussia ilipitisha sheria iliyolinda kazi ya mwandishi maisha yake yote na miaka 30 baada ya kifo. Hummel alifariki Weimar tarehe 17 Oktoba mwaka huo huo.

Umaarufu wake haukudumu. Schubert alikuwa amekusudia kumtunukia Hummel sonata zake tatu za mwisho za piano, lakini zilipochapishwa mwaka 1839 watunzi wote wawili walikuwa wamefariki, naye mchapishaji akaliweka jina la Schumann mahali pa la Hummel. Yule aliyepigania haki ya mtunzi juu ya kazi yake akapokonywa heshima aliyowekewa na mtunzi mwenzake. Mji wa Pressburg haukumsahau: mwaka 1887 ulimsimamishia sanamu, na nyumba alimozaliwa ikafanywa makumbusho.