Bi Joan Root na Viboko wa Mzima

Pale Namboboto, katika nchi ya Wasamia, si mbali na Ziwa Viktoria, ukimtaja ningu mbele ya wazee utawaona wakitikisa vichwa. Huyu ni samaki aliyekuwa akipanda mto Sio kila mvua zinapofungua, aende kutaga mayai yake juu huko, na watu wakimngoja kwa migono. Nyavu zikamwandama midomoni mwa mito hata akaadimika. Mwandishi wa makala haya, mtu wa pwani aliyekwenda huko kutembea, aliwaonyesha wenyeji wake kipande cha filamu kongwe iliyopigwa chini ya maji. Mzee mmoja akaishika ile simu kwa mikono miwili, akamtambua samaki wake kwa umbo la mdomo: kundi zima la ndugu zake ningu, wakiwaparura viboko ukoga migongoni, nyayoni, hata ndani ya vinywa vilivyoachwa wazi. Kisha likaja swali ambalo mtu yeyote aishiye kando ya ziwa lazima aliulize. Ni nani huyo mwenye moyo wa kuzama na kamera katikati ya viboko?

Walikuwa wawili, mume na mke. Bwana Alan Root ametajwa sana. Leo tumtaje mkewe.

Bi Joan alizaliwa Nairobi mwezi wa Januari mwaka 1936. Baba yake, Bwana Edmund Thorpe, alikuwa mlowezi wa Kiingereza aliyeanzisha safari za kuwapeleka wageni mbugani kwa kamera badala ya bunduki, na binti akawa mkono wake wa kuume katika kazi hiyo. Alikuwa mrefu, mwenye haya, mchache wa maneno. Mwaka 1961 aliolewa na Alan, kijana aliyekwisha kujipatia jina kwa picha za Serengeti alizowapigia akina Grzimek, Wajerumani. Mume alikuwa mtu wa mizaha na kuthubutu, mke mtu wa hesabu na subira. Chakula, petroli, mitungi ya hewa, filamu zisiharibiwe na joto, mtoto wa mnyama anyonyeshwe chupa usiku: yote hayo yalikuwa juu yake, na mchana alizama pamoja na mumewe.

Kwa sisi wa Mombasa, Mzima si jina geni. Ni chemchemi iliyomo katika mbuga ya Tsavo Magharibi. Mvua inayonyesha juu ya vilima vya Chyulu huzama katika mawe ya volkano, ikachujika humo ardhini, kisha ikatoka Mzima ikiwa safi kama kioo. Tangu miaka ya 50 bomba limekuwa likiyaleta maji hayo hadi mjini kwetu. Nilipokuwa chuoni, sisi watoto ndio tuliokuwa tukijaza birika la kutawadhia, na wallahi hatukujua kwamba kabla ya kufika kwetu maji yale yamepita baina ya miguu ya viboko.

Weupe huo wa maji ndio uliowavuta akina Root, mwishoni mwa miaka ya 60. Filamu za baharini za zama hizo aghalabu zilikuwa habari za mpiga mbizi mwenyewe: shujaa na papa, shujaa na pweza. Hawa wawili waligeuza mambo. Shujaa wao akawa ni chemchemi. Kamera ilishuka chini ikamfuata kiboko akitembea kwenye mchanga, mzigo wa zaidi ya tani moja, lakini akikanyaga kwa wepesi kama mwali anayechezwa. Kisha ikafuata mavi yake. Naam, mavi, maana humo ndimo ilimo siri ya mahali pale: kiboko hula majani nchi kavu usiku, mchana huyarudisha majini, samaki na wadudu wakala, na samaki nao wakaliwa na ndege na mamba. Mwondoe kiboko, na meza nzima imepinduka. Kuyaonyesha haya bila ya msemaji kusimama mbele ya kamera kulitaka kukaa chini kwa muda mrefu, bila ya kumfukuza mnyama wala kumshtua, na mwenye kuangalia kupitia kioo cha kamera haoni kinachomjia kwa nyuma. Mwenziwe ndiye macho yake.

Siku moja walipokuwa wamezama tena Mzima, dume la kiboko liliwavamia. Jino lake lilitoboa kioo cha miwani ya mbizi aliyovaa Bi Joan, likapita kando ya jicho lake bila ya kumgusa. Kisha likamgeukia mumewe, likamng'ata mguu, likamtikisa kama tambara. Alan alipona baada ya matibabu marefu. Nao hawakuacha kazi. Walivuka Kilimanjaro kwa puto la hewa ya moto, na mwaka 1978 wakatoa filamu ya maisha ya mchwa ndani ya kichuguu, iliyopendekezwa kwa tuzo la Oscar huko Marekani. Katika pendekezo hilo majina yameandikwa mawili. Nasema haya makusudi, kwa kuwa watu wengi hulikumbuka moja tu.

Ndoa ikavunjika katika miaka ya 80. Bwana akaenda zake, Bi Joan akabaki kwenye shamba lao kando ya ziwa Naivasha, yatima wa wanyama wakimzunguka. Ziwa lilikuwa linabadilika. Mashamba ya maua yalikuja, maelfu ya watu wakafuata kazi, na asiyepata kazi akatupa wavu, aghalabu wavu wa tundu ndogo usiosaza hata kifaranga. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 bibi huyu alianza kuwalipa kwa fedha zake vijana waliokuwa wavuvi haramu, ili walinde ziwa na kuzinyang'anya nyavu hizo. Wako waliomshukuru. Wako pia waliomwona mzungu mwenye ardhi anayemnyima maskini kitoweo, na wazee wa Namboboto, walioishi na ningu na wakaishi bila ya ningu, waliposikia habari hiyo waligawanyika vivyo hivyo, nusu kwa nusu.

Usiku wa tarehe 13 Januari mwaka 2006 watu wenye bunduki walifika nyumbani kwake, wakampiga risasi kupitia dirishani. Alifariki dunia zikiwa zimesalia siku tano atimize miaka 70. Watu wanne walishtakiwa, na mwaka 2007 mahakama ikawaachilia wote.

Yule mzee aliirudisha filamu mwanzo mara tatu. Mara ya tatu hakuwa akiangalia kiboko tena. Alikuwa akiwahesabu ningu.