Armstrong wa FM na kesi zilizommaliza

Chukua redio yoyote ya sokoni yenye FM, hata ile ndogo ya betri mbili, uangalie namba zake: mara nyingi ni 88 mpaka 108. FM hiyo ni kazi ya Mmarekani Edwin Howard Armstrong. Darasani kwangu wapo waliodhani FM ni jina la kampuni.

Alizaliwa New York tarehe 18 Desemba 1890. Mwaka 1912, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, alibuni njia ya kukuza mawimbi dhaifu mpaka yakasikika vizuri. Mwaka 1918, akiwa mwanajeshi Ufaransa, akabuni mtambo wa superheterodini, ambao baadaye uliingia karibu katika kila redio. Sisi tuliokulia uhamishoni, tukitafuta habari za nyumbani kwenye masafa mafupi, tulikula jasho lake bila kumjua.

Mwaka 1923 alimwoa Marion MacInnis, karani wa David Sarnoff, mkubwa wa kampuni ya RCA. Zawadi ya harusi? Redio ya kubebeka aliyoiunda mwenyewe, nzito kama sanduku la safari.

Kesi zilianza mapema. Lee de Forest alidai uvumbuzi wa 1912 ni wake, na mwaka 1934 Mahakama ya Juu ya Marekani ikampa ushindi. Armstrong akarudisha nishani aliyopewa na wahandisi wenzake. Wao wakakataa kuipokea, maana walijua nani fundi.

Wakati huo alikuwa ameshapata hati za uvumbuzi wa FM, mwezi Desemba 1933. Badala ya kubadilisha nguvu ya wimbi, alibadilisha wepesi wa mtikisiko wake, na mikwaruzo ya radi ikatoweka. Mwezi Novemba 1935 aliwasikilizisha wahandisi maji yakimiminwa katika glasi, yakatoka redioni kama yanamiminwa mle ukumbini.

RCA ilikuwa na faida yake katika redio za zamani na macho yake kwenye televisheni. Ilimwambia aondoe mitambo yake katika jengo la Empire State. Akajenga mnara wake kule Alpine, New Jersey, kwa fedha zake mwenyewe.

Mwaka 1940 RCA ilimpa dola milioni 1 ili itumie FM bila malipo mengine. Alikataa, kwa kuwa kampuni nyingine zilikuwa zinamlipa kwa kila redio. Haki ilikuwa upande wake, lakini wafanyabiashara wa mpakani watanielewa: anayekudai akiwa maskini na wewe tajiri, huna haraka. Mwaka 1945 serikali ilihamisha FM kutoka megahezi 42 hadi 50 na kuipeleka 88 hadi 108, na redio zilizokwisha nunuliwa zikawa mapambo ya mezani.

Mwaka 1948 aliishtaki RCA. Mawakili wakavuta miaka, hati zake zikaisha muda, fedha zikayeyuka. Novemba 1953, katika ugomvi, alimpiga mkewe kwa chuma cha kuchochea moto, naye akaondoka. Nadhani hilo lilimuumiza kuliko kesi zote. Tarehe 31 Januari 1954 alijirusha kutoka nyumba yake ya ghorofani, New York.

Mwaka huohuo RCA ilimlipa mjane takriban dola milioni 1, kiasi kilekile cha 1940. Marion hakuishia hapo. Aliendelea na kampuni nyingine moja baada ya moja, na ya mwisho, Motorola, ilishindwa mwaka 1967.