Kipa Aliyeacha Chuo

Kila chuo kina mtu wake wa namna hii. Wiki ya mitihani yuko uwanjani, siku ya kusaini bumu ndiyo unamwona darasani, na ikifika mechi ya vitivo hata mhadhiri anayemlalamikia anakuja kumshangilia. Mwisho wa mwaka tunasikia jamaa amedisko. Tunasikitika siku mbili, halafu tunamsahau.

Huyu ninayetaka kumsimulia alikuwa wa kundi hilo hilo, ila chuo chake kilikuwa Darlington, kaskazini mwa Uingereza, na mwaka ulikuwa 1885. Jina lake Arthur Wharton. Ndiye anayetambuliwa kuwa mweusi wa kwanza kucheza soka la kulipwa. (Najua wabishi hamkosekani. Andrew Watson, mzaliwa wa Guyana, alikuwa nahodha wa Scotland tangu 1881. Sawa, lakini Watson anajulikana zaidi kama mchezaji wa ridhaa, na hapa tunaongelea mtu aliyeishi kwa mshahara wa mpira.)

Alizaliwa tarehe 28 Oktoba 1865, Jamestown, Accra, wakati Ghana ya leo ikiitwa Gold Coast. Baba yake, Henry Wharton, alikuwa mchungaji wa Kimethodisti kutoka kisiwa cha Grenada, mwenye damu ya Kiskoti na ya Kiafrika. Mama yake, Annie Florence Egyiriba, alitoka ukoo wa kifalme wa Wafante. Kwa hiyo tusimfikirie kama kijana wa mtaani aliyeokolewa na mpira. Hii ilikuwa familia ya watu wenye majina, na njia yake ilishachorwa: aende Uingereza, asome, awe mhubiri na mwalimu, arudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 akapelekwa. Mwaka 1884 akaingia Cleveland College, Darlington.

Hapo ndipo mpango wa familia ulipoharibika, kwa sababu moja tu: alikuwa na mbio ambazo hawakuwahi kuziona.

Julai 1886, Stamford Bridge jijini London, kwenye mashindano ya riadha ya taifa, Wharton alikimbia yadi 100 kwa sekunde 10 kamili. Hakuna aliyewahi kuandikiwa muda huo katika mashindano yale. Yadi 100 ni kama mita 91 na nusu, na wakimbiaji wa enzi hizo hawakuwa na vile vyuma vya kukanyagia wakati wa kuanza. Mwaka uliofuata akarudi, akashinda tena. Mtu wa hivyo utamrudisha vipi kwenye darasa la mahubiri?

Mpira nao ulikuwa umeshamchukua. Cha ajabu, huyu mtu wa mbio zote hizo alikaa golini. Inaonekana ni kupoteza kipaji mpaka ukumbuke kazi ya kipa wakati ule ilikuwaje. Washambuliaji waliruhusiwa kumpiga kipa kikumbo hata kama hana mpira, wakamsukuma yeye mzima mzima hadi nyuma ya mstari. Kipa mzito wa miguu aliumia. Wharton alikuwa na mtindo wake: anachutama pembeni ya goli kana kwamba mechi haimhusu, halafu dakika ya mwisho kabisa anachomoka na kuupiga mpira ngumi. Mzee mmoja aliyemwona enzi hizo aliliandikia gazeti la Sheffield mwaka 1942, zaidi ya miaka 40 baadaye, akisimulia alivyoruka, akaning'inia kwenye mtambaa panya, akaudaka mpira kwa miguu. Kumbukumbu za wazee tunazijua, huongezewa chumvi kidogo. Lakini ukimkumbuka kipa kwa miaka yote hiyo, lazima kuna kitu alikifanya.

Kutoka Darlington akachukuliwa na Preston North End, timu iliyokuwa tishio kuliko zote. Msimu wa 1886/87 walifika nusu fainali ya Kombe la FA, wakatolewa na West Bromwich Albion. Wengine walianza kusema anastahili kuichezea Uingereza. Hakuitwa hata mara moja. Kuna mwandishi wa gazeti aliyeona vituko vyake golini akaandika kwa dhihaka juu ya rangi yake na uwezo wa kichwa chake, eti hajui kuwa golini si mahali pa kuchezea. Vituko vile vile vilivyowajaza watu uwanjani!

Halafu akafanya uamuzi ambao mimi kila nikiusoma natikisa kichwa. Mwaka 1888 aliiacha Preston akafuate mbio za kulipwa kule Sheffield. Msimu huo huo ligi ya kwanza ya Uingereza ikaanzishwa, na Preston wakaibeba bila kufungwa mechi hata moja, wakaongeza na Kombe la FA juu yake. Wachezaji wale mpaka leo wanaitwa Wasioshindika. Wharton angekuwa mmoja wao. Lakini hebu tumtendee haki: mbio zilikuwa na pesa ya papo kwa papo. Nani kati yetu angejua?

Mwaka 1889 akasaini Rotherham Town kama mchezaji wa kulipwa, na mwaka uliofuata akamwoa Emma Lister hapo hapo Rotherham. Pembeni ya mpira alisimamia baa. Mwaka 1894 Sheffield United wakamchukua, na kwa kumweka langoni dhidi ya Sunderland wakamfanya mweusi wa kwanza kucheza daraja la juu la ligi. Ilikuwa mechi moja tu. Klabu ilikuwa na kipa mwingine kijana, William Foulke, jitu lililokuja kupita kilo 120, na Foulke ndiye aliyebaki na jezi. Baada ya hapo ni kuhamahama: Rotherham tena, Stalybridge Rovers, Ashton North End iliyofilisika, Stalybridge tena, na mwisho Stockport County daraja la pili. Mwaka 1902 akatundika viatu akiwa na miaka 36.

Kuna jambo moja katikati ya habari hii ambalo wanaomtumia kama mfano wa kututisha huwa wanaliruka. Wakati bado anacheza, aliomba kazi ya serikali kule kwao Gold Coast. Alikuwa mtoto wa mchungaji, mwenye elimu ya Uingereza na ukoo unaojulikana. Akakataliwa, na umaarufu wake wa michezo ukahesabiwa dosari, kitu kisichomfaa mtumishi wa serikali. Yaani Uingereza ilimtaka kwa miguu yake, na serikali ya koloni ikamkataa kwa sababu ya miguu hiyo hiyo. Ndiyo maana sikubali mtu aniambie Wharton aliponzwa na kuacha chuo. Angeweza kumaliza na cheti chake mkononi akakuta mlango umefungwa vile vile. Nitakachomlaumu, kama ni lazima nimlaumu, ni kwamba hakuweka akiba.

Maana mpira ulipoisha hakukuwa na kitu. Hakukuwa na kiinua mgongo wala mechi ya kumchangia. Aliingia kwenye migodi ya makaa ya mawe, na miaka yake ya mwisho alikuwa mfanyakazi wa mgodi wa Yorkshire Main, kijiji cha Edlington karibu na Doncaster. Fikiria mtu aliyekimbia sekunde 10 mbele ya London, sasa yuko mgodini na vijana ambao pengine hawakuwa na habari ni nani.

Alifariki tarehe 13 Desemba 1930, baada ya kuugua kwa muda mrefu, akiwa na miaka 65. Wakamzika makaburi ya Edlington kwenye kaburi la maskini, bila jiwe wala jina.

Kaburi lilikaa hivyo miaka 67. Mwaka 1997 wanaharakati wa Sheffield wanaopinga ubaguzi kwenye soka walichangisha fedha, wakamwekea jiwe. Mwaka 2003 jina lake likaingizwa kwenye orodha ya magwiji wa soka la Uingereza. Mwaka 2014 sanamu yake ikasimamishwa St George's Park, kituo ambako timu ya taifa ya Uingereza hufanyia mazoezi, ile ile ambayo haikumwita. Wamemchonga yuko hewani, mkono umenyooka, ncha za vidole zinaupeleka mpira juu ya mtambaa panya.