Louis Néel: Aliyefichua siri ya sumaku zinazofutana

WEKUNDU wa udongo katika maeneo mengi ya wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, hutokana na oksaidi ya chuma. Chuma kitupu hunaswa na sumaku mara moja, lakini kikiisha kuungana na oksijeni na kuwa oksaidi hiyo nyekundu, nguvu hiyo hufifia mno. Aliyefungua njia ya kuielewa hali hiyo ni mwanafizikia wa Ufaransa, Louis Néel.

Néel alizaliwa mjini Lyon Novemba 22, 1904. Baada ya masomo Paris, alikwenda Strasbourg kufanya utafiti chini ya Pierre Weiss, bingwa wa elimu ya sumaku wa wakati huo, na kupata shahada ya udaktari mwaka 1932.

Katika miaka hiyo alieleza kuwa ndani ya baadhi ya fuwele, kila atomi ni sumaku ndogo, lakini atomi jirani huelekea pande zinazopingana, hivyo nguvu zao hufutana. Ushahidi ulipatikana mwaka 1949, Clifford Shull na wenzake nchini Marekani walipochunguza oksaidi ya manganizi kwa nutroni na kukuta tabaka za atomi zikipishana mwelekeo.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza, Néel alibuni njia ya kuzikinga meli za Ufaransa dhidi ya mabomu ya sumaku ya Wajerumani. Mwaka 1940 alihamia Grenoble.

Mwaka 1948 alieleza feraiti, oksaidi za chuma ambazo nguvu zake zinazopingana hazilingani, hivyo hubakiza ziada. Kwa kuwa feraiti haipitishi umeme kwa urahisi kama chuma, haipotezi nguvu ya mawimbi kwa joto. Kijiti chake cheusi ndicho kilichonasa masafa ya kati katika redio za transista, zilizowafikia wakulima wa Handeni na vibarua wa mashamba ya mkonge ya Korogwe.

Alitunukiwa Nobel mwaka 1970 pamoja na Hannes Alfvén wa Sweden. Hata hivyo, yeye mwenyewe hakuona matumizi ya fuwele zile za kwanza, ambazo nguvu zake hufutana kabisa.

Muda ulionyesha vingine. Kuanzia miaka ya 1990, tabaka nyembamba za aina hiyo ziliingia katika vifaa vya kusomea diski za kompyuta. Aidha, mwaka 1986, Georg Bednorz na Alex Müller, wakiwa Uswisi, waligundua oksaidi ya shaba yenye tabaka inayopitisha umeme bila kizuizi ikipoozwa. Kabla ya kuchanganywa na elementi nyingine, oksaidi hiyo haipitishi umeme, na atomi zake za shaba hujipanga kama Néel alivyoeleza. Uhusiano wa hali hizo mbili bado unawaumiza vichwa wanasayansi.

Néel alifariki dunia Novemba 17, 2000, siku tano kabla ya kutimiza miaka 96.