Joe DiMaggio

Joseph Paul DiMaggio (25 Novemba 1914 – 8 Machi 1999) alikuwa mchezaji wa besiboli kutoka nchini Marekani. Katika ligi kuu aliichezea timu moja tu, New York Yankees, kuanzia mwaka 1936 hadi 1951, akiwa mlinzi wa katikati wa uwanja wa nje.

Maisha

Alizaliwa Martinez, California, na wazazi waliohamia kutoka Sisilia, Italia. Baba yake alikuwa mvuvi, na familia ilikaa San Francisco. Wana watatu wa nyumba hiyo, Vince, Joe na Dominic, walifika ligi kuu, na wote watatu walicheza katikati ya uwanja wa nje, jambo ambalo ni nadra sana. Mwaka 1941 Joe alifanikiwa kupiga katika mechi 56 mfululizo, rekodi ambayo haijavunjwa. Tangu 1943 hadi 1945 alikuwa jeshini. Yankees walitwaa ubingwa mara 9 katika misimu yake 13.

Nafasi yake uwanjani

Uwanja wa nje hulindwa na watu watatu: wa kushoto, wa kati na wa kulia. Mpira wa juu unaposhuka kati ya wawili, wote hukimbia macho yakiwa angani. Wanaweza kugongana, au kila mmoja akamwachia mwenzake na mpira ukaanguka chini. Kwa hiyo anayeweza kuudaka hupaza sauti mapema, kama golikipa anavyowaita mabeki wampishe. Wa kati akiita, wengine humpisha na kukaa nyuma yake, kwa sababu yeye ndiye anayeona pande zote mbili.

DiMaggio alisifiwa kwa kutambua upesi mahali mpira utakapoangukia, hata akaonekana kama hana haraka. Lakini maumivu ya kisigino yalimkosesha mechi 65 za mwanzo wa msimu wa 1949, na kufikia 1951 mbio zake zilikuwa zimepungua.

Tukio la 5 Oktoba 1951

Siku hiyo Yankees walicheza na New York Giants mechi ya pili ya fainali. Upande wa kulia alikuwepo Mickey Mantle, kijana wa miaka 19 mwenye mbio kali. Kwa maelezo yake ya baadaye, kocha Casey Stengel alikuwa amemwagiza audake kila mpira atakaoufikia, maana DiMaggio amechoka. Agizo hilo lilipingana na desturi. Willie Mays alipopiga mpira wa juu kati yao, Mantle aliukimbilia kwa nguvu zote. DiMaggio akaita akiwa amechelewa. Mantle alifunga breki ghafla ili asimgonge mkubwa wake, njumu zikanasa kwenye mfuniko wa mfereji wa maji, na goti likaumia vibaya. DiMaggio aliudaka mpira. Yankees walitwaa ubingwa, ila Mantle alicheza hadi 1968 akisumbuliwa na miguu.

Baada ya kustaafu

DiMaggio alistaafu Desemba 1951, na msimu uliofuata Mantle ndiye aliyechukua nafasi ya katikati. Mwaka 1954 alimwoa mwigizaji Marilyn Monroe. Ndoa haikumaliza mwaka. Mwaka 1955 aliingizwa katika Ukumbi wa Umaarufu wa besiboli. Alifariki Hollywood, Florida, akiwa na miaka 84.