Leeuwenhoek, muuza vitambaa aliyechungulia kinywa chake

Ndugu wachimbaji na mama zetu wa Banalia, leo tunasimulia maisha ya mtu ambaye hakupita universite hata siku moja, lakini wanganga wote wanapita njia aliyoifungua.

Antoni van Leeuwenhoek alizaliwa 1632 kule Delft, Uholanzi. Baba yake alikuwa fundi wa vikapu, akafa mtoto angali mdogo. Kijana akaenda Amsterdam kujifunza biashara ya vitambaa, kisha akarudi Delft, akafungua duka. Wauza vitambaa walikuwa na vioo vya kukuza, vya kuhesabia nyuzi. Yeye hakuishia pale. Alisaga vioo vyake kwa mkono, vidogo sana, mpaka akaweza kukuza kitu zaidi ya mara 200.

Kuanzia 1673 aliandikia barua Royal Society ya London, kwa Kiholanzi cha nyumbani, maana Kilatini cha wasomi hakukijua. 1676 akawaeleza kwamba ndani ya maji mna vidudu ambavyo macho matupu hayavioni. Wakubwa wale hawakusadiki. Mwaka uliofuata Robert Hooke alipima, naye akaviona. 1680 wakamwingiza katika chama chao.

1681, tumbo likimharisha, alipima choo chake mwenyewe: vidudu vimo. 1683 alikwangua uchafu mweupe wa meno yake, yeye aliyeyasugua kwa chumvi kila siku: vimo pia. Akapima wa mzee mmoja asiyesafisha kinywa maisha yake yote: vilijaa ajabu. Alikufa 1723, miaka 90, bila kujua kama vidudu vile vinaleta magonjwa.

Hiyo ilijulikana nyuma. Mwaka 1982, Australia, Robin Warren na Barry Marshall walipata mikrobi inayoleta vidonda vingi vya tumbo, Helicobacter pylori. Baadaye ilionekana hata ndani ya mate na uchafu wa meno. Wataalamu wangali wanabishana: inakaa kinywani, ao inapita tu? Lakini wanajua kwamba wengi wanaipata utotoni, ndani ya jamaa.

Sasa tujiangalie. Kwenye machimbo tunapokezana kikopo kimoja. Nyumbani mtoto anatafuniwa chakula. Tumbo likiwaka, tunasema ni njaa, tunameza kidonge cha maumivu cha njiani, na kidonge kile kinaweza kuzidisha kidonda.

Kila mtu awe na kikopo chake. Tunawe mikono, tunywe maji safi, tusugue meno. Mwenye kuumwa aende kituo cha afya apimwe, na akipewa dawa azimalize zote. Akitapika damu ao choo kikiwa cheusi kama lami, asingoje kesho.

Muuza vitambaa yule alianza kwa kupima kinywa chake mwenyewe. Na sisi tuanzie pale.